Ukiiondoa nyumba sokoni, komisyonere anakudai nini?

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne na kutiwa ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na kadi ya kura na picha ya marehemu mume wake. Mama huyo alitoka Mongbwalu asubuhi na mapema, akapanda moto hadi Bunia, zaidi ya kilomita 80 za vumbi na mashimo, ili mtu amsomee vizuri kile alichokitia sahihi. Ilikuwa karatasi ya daftari la mwanafunzi, yenye mistari mitatu ya kalamu ya buluu: jina lake, jina la komisyonere, na maneno haya: "Nitamupa 10% nyumba ikiuzwa." Chini palikuwa na alama ya kidole chake na sahihi za mashahidi wawili. Hapakuwa na neno lingine.

Aliiweka nyumba sokoni wakati ambapo kila wiki ililetwa habari ya kijiji kilichochomwa, na watoto wake wa Bunia wakamwambia auze atoke. Bei aliyotaka ni dola 8,000. Komisyonere alizunguka, akaleta watu watatu. Wa tatu akasema ana dola 7,500 mkononi. Mama akajibu, "Nitafikiri." Katika wiki hizo hizo mdogo wake akarudi kutoka Uganda na familia nzima, mtaa ukatulia kidogo, na ukoo ukasema nyumba isiuzwe. Mama akamwarifu komisyonere. Kesho yake akaletewa konvokasyo kutoka ofisi moja ya polisi: alipe dola 750 ndani ya siku tatu, ama alale ndani.

Aliniuliza swali moja tu: "Nimulipe juu ya nini, na nyumba ningali nayo?"

Naandika safu hii kwa sababu ya swali lake, na kwa sababu si yeye peke yake. Tangu vita vilipowaka tena Djugu mwezi wa Desemba 2017, watu wa Mongbwalu wameuza nyumba kwa hofu na wameghairi kuuza kwa matumaini, mara nyingine ndani ya mwezi mmoja. Tena huu ni mji wa dhahabu. Aunsi ya dhahabu ilivuka dola 2,000 mwezi wa Agosti 2020, ikavuka dola 3,000 mwezi wa Machi 2025, na bei hiyo ikipanda, mwenye nyumba aliyekubali kuuza Jumatatu hujiuliza Ijumaa kama hakuharakisha. Kuondoa nyumba sokoni si uhalifu, wala si aibu. Lakini kuna namna ya kuiondoa, na kuna deni unaloweza kubaki nalo au kutobaki nalo.

Jibu la mama huyo, kwa karatasi ile aliyonionyesha: hadaiwi ile asilimia 10. Sasa nieleze kwa nini, maana sababu yenyewe ndiyo itakayokusaidia siku yako ikifika.

Katika nchi yetu mapatano yanatawaliwa bado na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ile inayoitwa kitabu cha tatu cha Kode Sivile. Kifungu chake cha 33 kinasema kwamba mapatano yaliyofanywa kwa kufuata sheria ni sheria kwa wale walioyafanya, na kwamba yatimizwe kwa nia njema. Kwa hiyo swali la kwanza si "desturi ya makomisyonere ni gani?" wala "wenzako wanalipaje?" Swali la kwanza ni: wewe na yeye mlipatana nini? Mama alipatana kulipa nyumba ikiuzwa. Haikuuzwa. Sharti halikutimia, na deni halikuzaliwa. Tena kifungu cha 197 cha sheria hiyo hiyo kinamtwika mzigo anayedai: yule anayetaka ulipe ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba unadaiwa. Si kazi yako kuthibitisha kwamba hudaiwi.

Juu ya hiyo kuna sheria nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Kongo iliingia OHADA, muungano wa sheria za biashara wa nchi za Afrika, na sheria zake zinatumika kwetu tangu tarehe 12 Septemba 2012. Sheria yake ya biashara kwa jumla, iliyorekebishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, inataja waziwazi katika kifungu cha 3 kwamba kazi ya kuwa mtu wa kati katika kuuza, kununua au kupangisha nyumba ni kazi ya biashara. Maana yake, komisyonere anayeishi kwa kazi hiyo ni mfanyabiashara, hata kama ofisi yake ni kiti cha plastiki chini ya mwembe. Na sheria hiyo inaeleza malipo ya mtu wa kati anayekutanisha wauzaji na wanunuzi, yaani dalali: anastahili ujira wake pale ambapo habari aliyotoa au mazungumzo aliyoongoza yamefikisha watu kwenye kufunga mapatano. Si pale alipoanza kutembea. Si pale alipomleta mtu wa kwanza. Mapatano yakifungwa kwa sharti fulani, ujira unangoja mpaka sharti hilo litimie.

Komisyonere wa mama alikuwa na hoja, na nisingependa kuidharau, kwa sababu nawajua vijana wengi wanaolisha watoto kwa kazi hii. Alisema: "Mimi nilisha kuleta mununuzi mwenye pesa. Ni yeye mama ndiye alikataa." Avoka wake, akimpata, angeiweka hoja hiyo kwa lugha ya sheria: kuna kanuni ya zamani kwamba mtu aliyeahidi kulipa sharti likitimia, kisha yeye mwenyewe akazuia sharti lisitimie, sharti hilo huhesabiwa kana kwamba limetimia. Ni kanuni ya kweli na ni nzuri. Lakini haikuwekwa ili kumlazimisha mtu auze nyumba yake. Mwenye nyumba anayempa komisyonere kazi ya kutafuta mnunuzi hajauza uhuru wake wa kusema ndiyo au hapana. Kanuni hiyo humkamata mwenye hila: yule anayesema "nimeondoa nyumba sokoni," kisha usiku anamwita mnunuzi yule yule aliyeletwa, wanamalizana wawili, na komisyonere anasikia habari sokoni.

Swali hili si geni duniani. Huko Uingereza mwaka 1941 lilifika mpaka kwenye baraza la juu kabisa la mahakama, katika kesi ya Luxor (Eastbourne) dhidi ya Cooper. Wenye majumba ya sinema walimwahidi mtu wa kati pauni 10,000 mauzo yakikamilika. Akaleta mnunuzi mwenye uwezo. Wenye mali wakajiondoa. Majaji wakasema hapati kitu: aliahidiwa malipo mauzo yakikamilika, na hayakukamilika, naye alijua tangu mwanzo kwamba mwenye mali anaweza kughairi. Mmoja wao akakumbusha kwamba pauni 10,000 zilikuwa mshahara wa mwaka mzima wa jaji mkuu wa nchi, na mtu wa kati aliziwania kwa kazi ya siku nane au tisa. Mwenye kutafuta malipo makubwa hivyo kwa muda mfupi amekubali pia hatari ya kukosa. Ufaransa, ambako sheria zetu nyingi zinafanana nako, ilitunga sheria tarehe 2 Januari 1970 inayomkataza wakala wa nyumba kupokea malipo yoyote kabla mapatano hayajafungwa kwa maandishi. Kenya nayo ina sheria yake ya mawakala wa nyumba na bodi ya kuwaandikisha. Hukumu ya London haimfungi hakimu wa Bunia, lakini inaonyesha kwamba mama wa Mongbwalu haombi upendeleo.

Sasa tuje kwenye neno lililomwokoa, maana kesi nzima ilining'inia hapo: "Nitafikiri."

Kifungu cha 264 cha dekreti ile ya 1888 kinasema mauzo yametimia kati ya muuzaji na mnunuzi mara tu wanapokubaliana kitu na bei, hata kama kitu hakijakabidhiwa na pesa haijalipwa. Kama mama angesema mbele ya watu, "Sawa, leta hizo 7,500," na wakaandika, basi kurudi nyuma kesho yake kusingekuwa tena kuiondoa nyumba sokoni. Kungekuwa kuvunja mauzo. Mnunuzi angekuwa na haki ya kumshitaki, na komisyonere angekuwa na haki ya kudai ujira wake, maana kazi aliyotumwa aliimaliza. Kwa hiyo ukiulizwa bei na hujaamua, usiseme ndiyo ya adabu. Kwetu Ituri mtu huona haya kumkatalia mgeni usoni, anasema "hakuna shida, tutapatana," kisha anasubiri mambo yajifie yenyewe. Mbele ya mnunuzi wa nyumba adabu hiyo ni ya hatari.

Zaidi ya hayo, usipokee pesa. Akonti ikishaingia mkononi mwako, hata dola 200, umefungua mlango mwingine. Kama mliandika kwamba ni arabuni, sheria ya mauziano inasema aliyeitoa akijitoa anaipoteza, na aliyeipokea akijitoa anairudisha maradufu. Kama ni sehemu ya bei, inakuwa ushahidi kwamba mlikwisha kukubaliana. Na kama ameipokea komisyonere kwa niaba yako bila wewe kujua, mwandikie siku hiyo hiyo kwamba hukumtuma. Komisyonere hutumwa kutafuta mtu. Hatumwi kupokea pesa mpaka umwandikie prokirasyo.

Hapo kwenye prokirasyo nisimame kidogo. Wengi wanaandika karatasi ya komisyonere wakidhani ni kitu kimoja na prokirasyo, na wengine wanaitia jina hilo kwa sababu linasikika zito. Tofauti ni kubwa. Dalali anakutanisha watu, basi. Mwenye prokirasyo anafanya jambo kwa jina lako: anaweza kukutilia sahihi na kukufunga. Sheria inasema kazi ya prokirasyo ni ya bure isipokuwa mmepatana malipo, na unaweza kumwondolea mamlaka hayo wakati wowote unapotaka. Lakini inasema pia kwamba gharama alizotoa mfukoni kwa kazi yako utamrudishia hata kama jambo halikufaulu, maadamu kosa si lake. Dalali yeye hurudishiwa gharama pale tu mlipoandika wazi kwamba atarudishiwa. Mkishaandika hivyo anazipata hata nyumba isipouzwa. Kwa hiyo kabla hujatia kidole, uliza: karatasi hii inampa huyu bwana ruhusa ya kuleta watu, au inampa ruhusa ya kuuza?

Nimesema karatasi ya mama ilikuwa na mistari mitatu. Ashukuriwe aliyeiandika kwa ufupi, maana siku hizi naona karatasi nyingine zilizochapwa kwa kompyuta kwenye sekretaria ya umma, ukurasa mzima kwa Kifaransa, na katikati yake sentensi moja inayosema mwenye nyumba akiiondoa sokoni atalipa komisyon yote, au dola kadhaa zilizotajwa kabisa. Hapa siwezi kukufariji. Kile kifungu cha 33 kilichomlinda mama kitakuwa juu yako. Ulikubali, umefungwa. Na usitegemee kwamba hakimu atapunguza: sheria yetu ya zamani inasema mkishaandika kiasi atakacholipa mwenye kuvunja mapatano, hakimu hatoi zaidi wala pungufu. Kilichobaki kwako ni kuonyesha kwamba hukukubali kweli kweli. Kifungu cha 9 kinasema ridhaa haina nguvu ikiwa ilitolewa kwa kukosea, kwa kulazimishwa kwa nguvu au kwa kudanganywa. Mtu asiyejua Kifaransa, aliyesomewa kwa Kiswahili mistari mitatu kumbe karatasi ina ishirini, ana la kusema. Lakini atalisema mbele ya hakimu, pamoja na mashahidi, na kwa gharama. Ni nafuu mara mia kumwambia komisyonere, "Niachie karatasi hii hadi kesho, mtoto wangu aisome."

Mambo mawili yanamnyima komisyonere haki yake hata pale nyumba ilipouzwa, na yakitokea kwako uyaandike na tarehe. La kwanza ni kufanya kazi kwa faida ya mnunuzi huku akijifanya wako. La pili ni kuahidiwa malipo na mnunuzi bila wewe kujua. Sheria ya OHADA inasema dalali wa namna hiyo anapoteza ujira na hata gharama zake. Kula pande mbili ni jambo la kawaida sana hapa kwetu. Mwenye nyumba anatoa asilimia kumi, mnunuzi naye ametoa pesa ya visiti, pesa ya moto, na "kitu kidogo" ili bei ishushwe. Kupokea kwa wote wawili kwa uwazi si kosa. Kosa ni kuficha.

Kisha kuna nyumba ambazo zinaondolewa sokoni kwa sababu hazikupaswa kuwekwa sokoni tangu mwanzo. Kwa Mongbwalu hizi ni nyingi kuliko tunavyopenda kukiri.

Fikiri nyumba za kambi, zile za matofali zilizojengwa kwa wafanyakazi wa migodi ya Kilo-Moto, kampuni ambayo wazee wanaiita bado OKIMO na leo ni SOKIMO. Baba alipewa akae kwa sababu ya kazi. Ameacha kazi, amefariki, watoto wamezaliwa humo na wajukuu pia. Wamekaa miaka mingi, na machungu yao kuhusu kampuni ni ya haki. Lakini kukaa si kumiliki. Haki ya mtu juu ya kiwanja kilichoandikishwa inathibitishwa na sertifika ya uandikishaji peke yake. Hivyo ndivyo kinavyosema kifungu cha 219 cha sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973. Kuuza kitu cha mwingine ni mauzo yasiyo na nguvu. Komisyonere mzoefu anayejua kambi ile ni ya nani, na bado anakuandikisha karatasi ya asilimia kumi, hawezi baadaye kulia kwamba umemharibia biashara. Na ikiwa ni wewe uliyemwonyesha hati za uongo, mzani unageuka: atakudai fidia kwa hasara uliyomsababishia, chini ya kifungu cha 258, na parke inaweza kuja kukutafuta.

Jambo jingine la hapo hapo: dhahabu. Nimewahi kusikia mtu akiondoa nyumba sokoni kwa sababu jirani amechimba choo akaona mawe yenye mng'ao, naye anataka bei mara tatu. Ni haki yake kubadili bei. Lakini ajue kwamba sheria ya migodi ya tarehe 11 Julai 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inatenganisha haki ya juu ya ardhi na haki ya madini yaliyo chini. Mwenye parseli hauzi dhahabu ya chini ya sakafu yake, na komisyonere anayemwahidi mnunuzi dhahabu hiyo anamdanganya. Sheria inamtaka dalali awape pande zote habari za kweli. Akimdanganya mtu makusudi, hasara ni yake.

Halafu urithi. Kaka mkubwa aliye Bunia anampigia simu komisyonere, "Uza nyumba ya baba." Dada wawili walio Mongbwalu, ndio wanaokaa humo na mama mzazi, wanasikia kutoka kwa mgeni aliyekuja kupima vyumba kwa hatua. Wanakataa, nyumba inaondolewa, na komisyonere anakwenda kuwadai walio karibu, yaani hao dada. Hawadaiwi. Mapatano yanawafunga walioyafanya. Kama kuna kitu kinachodaiwa, kinadaiwa kwa kaka, kutoka mfukoni mwake, wala si kutoka kwenye nyumba. Ni hivyo hivyo kwa mume aliyetia sahihi peke yake. Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka mume na mke wakubaliane kabla haki ya kiwanja haijahamishwa. Mke aliyekataa hakuvunja mapatano yoyote. Hakuwa ndani yake. Naliandika hili kwa uzito kwa sababu ninaona wake wakiitwa ofisini na kutukanwa kwamba "wameharibu biashara ya bwana."

Sasa ile konvokasyo. Ningependa kila msomaji ashike sehemu hii hata akisahau nyingine zote.

Deni la komisyon ni jambo la kisivile. Polisi hakusanyi madeni ya watu binafsi, wala askari jeshi. Ni kweli kwamba tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri iko chini ya hali ya dharura ya kijeshi, na kesi za jinai zilihamishiwa kwa tribinali za kijeshi. Lakini ni za jinai tu. Kesi za madai zilibaki pale pale. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na za kisiasa, ambao nchi yetu imo ndani yake tangu 1976, unasema katika kifungu cha 11 kwamba hakuna mtu atakayefungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mapatano. Na katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 215, inaweka mikataba ya namna hiyo juu ya sheria za kawaida.

Watu wa ujanja wanalijua hilo, kwa hiyo konvokasyo haiandiki "deni." Inaandika "utapeli" au "kuvunja uaminifu." Utapeli, kwa kifungu cha 98 cha kode penale, unataka uwe umetumia jina la uongo, cheo cha uongo au hila ili ukabidhiwe mali ya mtu. Kuvunja uaminifu, kifungu cha 95, kunataka uwe umekabidhiwa kitu cha mtu ukakila. Mama aliyesema "siuzi tena" hakupokea kitu cha komisyonere. Hakuna hata kimoja. Nenda ukiitwa, usikimbie. Nenda na ndugu au avoka, na nakala ya karatasi, si karatasi yenyewe. Ukizuiliwa, katiba katika kifungu cha 18 inakupa haki ya kuambiwa sababu papo hapo kwa lugha unayoielewa, na kukaa kwako kizuizini kwa polisi hakuwezi kuzidi saa 48 bila kuachiliwa au kukabidhiwa kwa mamlaka ya sheria. Wala usitie sahihi karatasi ya "kukubali deni" ili utoke. Karatasi hiyo ndiyo wanayoitafuta, kwa sababu ile ya kwanza haiwapi kitu.

Anayedai kwa haki ana njia. Shefu wa kartie anaweza kuwapatanisha, na mara nyingi anafaulu, mradi wote wawili wamekubali. Yeye si hakimu. Madai madogo yanakwenda Tripaix, yaani Tribunal de paix, makubwa yanakwenda tribinali kubwa, Tribunal de grande instance. Kule maandishi ndiyo yanayosema: kwa madai ya kiasi kikubwa sheria ya kisivile inataka karatasi, na mashahidi peke yao hawatoshi kukukandamiza wewe mwananchi wa kawaida. Wewe, kwa upande wako, unaweza kumthibitishia komisyonere kwa njia yoyote, hata ujumbe wa simu, kwa kuwa yeye ni mfanyabiashara. Usifute ujumbe wa WhatsApp kwa hasira. Uuhifadhi, maana dai la namna hii linaweza kuamshwa hadi miaka mitano. Na asiye na pesa ya avoka aulizie barreau ya Ituri, Bunia: sheria ya mawakili ya mwaka 1979 inaitaka kila barreau iwe na ofisi ya ushauri wa bure kwa wasiojiweza.

Ukiwa bado hujamwita komisyonere, andikeni haya, kwa Kiswahili, nakala mbili: "Komisyon ni asilimia fulani ya bei iliyolipwa kweli. Italipwa siku mnunuzi anapotia sahihi na kulipa. Nikiondoa nyumba kabla ya hapo sidaiwi komisyon; nitarudisha gharama zenye risiti tu, zisizozidi dola fulani. Nikimuuzia mtu aliyeletwa na komisyonere ndani ya miezi sita tangu niiondoe, komisyon ni yake." Sentensi hiyo ya mwisho ni ya kumlinda yeye. Iandike bila kuombwa; kijana akiona umemfikiria, mambo mengi yanalainika.

Na siku ya kuiondoa, usiishie kwenye simu. Andika barua, weka tarehe, mwambie atie sahihi kwenye nakala yako kwamba ameipokea. Ndani yake mwombe majina ya watu wote aliowaleta, ili kesho asikuletee jina jipya. Chukua ufunguo wako. Chukua kila fotokopi ya hati uliyompa, na mwambie aondoe picha za nyumba kwenye makundi ya simu. Sertifika ya asili hukupaswa kumpa kabisa. Ikiwa umempa, ifuate leo, kabla ya jua kuzama. Kuna nyumba zimeuzwa mara mbili kwa fotokopi iliyosahaulika.

Mama alirudi Mongbwalu na barua ya namna hiyo, imeandikwa kwa mkono, nakala mbili. Mbele ya shefu wa kartie, komisyonere alitaja gharama zake: safari nne za moto, fotokopi, vocha za simu. Hazikufika dola 25. Karatasi ya mistari mitatu haikumlazimisha mama kulipa hata hizo, lakini alisema kijana alitembea kwa ajili yake, akalipa, akapewa risiti. Jina la yule mnunuzi wa dola 7,500 likaandikwa kwenye nakala zote mbili, na muda wa miezi sita. Konvokasyo haikufuatwa na nyingine. Mdogo wake alinunua kopo la rangi nyekundu, na kwenye ukuta unaotazama barabara, kwa herufi zinazopanda kidogo kuelekea kulia, akaandika kama tunavyoandika kote Kongo: NYUMBA HII HAIUZWI.